Shangazi Mbele ya Majaji

Fundi cherehani alizaliwa mjini, na msitu wa kwao aliujua kwa kusimuliwa tu. Serikali ilipoufanya hifadhi, wazee wake walifukuzwa wakatawanyika kama mtama uliomwagika. Lugha yao aliizungumza na shangazi yake peke yake, tena chini chini, maana mjini ilikuwa kichekesho.

Wakili wa jamii yao alipomjia kibandani kumwomba awe mkalimani wa shangazi katika mahakama ya kimataifa, alidhani anataniwa. Wakili akamweleza kwamba mataifa yameshakubaliana: watu wa asili wana haki juu ya ardhi ya mababu zao, na hawahamishwi bila wenyewe kuridhia. Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Kumbe kulikuwa na sheria inayowajua.

Siku ya kesi waliingia ukumbi mrefu, zulia likimeza sauti ya viatu. Majaji walijaza meza nzima, kila mmoja na nchi yake. Shangazi akamnong'oneza, "Joto lote hili na majoho? Waambie wavue, hatutawadharau." Fundi akauma mdomo.

Shangazi akaeleza habari za mizinga ya nyuki, za mito, na za alfajiri askari walipochoma nyumba. Kila alipotua, fundi alitafsiri, na wakalimani wengine wakayapokea maneno yake. Majaji walishika visikilizio masikioni, wakimngoja. Mwili ulimsisimka.

Jaji mkuu akauliza, "Mama, kabla ya kuwahamisha, kuna aliyekuja kuwauliza?"

Fundi akamtafsiria shangazi, naye akamgeukia jaji. "Hapana, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza."

Fundi alitafsiri jibu hilo neno kwa neno.

Hukumu ilitoka mwaka uliofuata: ardhi ni yao, na kuwafukuza kulivunja sheria. Serikali ilijivuta, wakili akang'ang'ana, hadi njia ikafunguliwa.

Fundi alipoingia msituni alisahau hata kutembea. Miti ilipanda juu mpaka shingo ikamuuma kuitazama, na mwanga ulishuka kijani kibichi. Shangazi alitangulia bila kuuliza njia. Mahali fulani akapiga magoti, akafukua majani kwa mikono, yakatokea mafiga matatu yaliyoota kuvu.

"Hapa ndipo mama yangu alipopikia," alisema. "Kaa, mwanangu. Umefika kwenu."