Winga wa Magunia Mawili

Karibu na soko la Kitale kuna ukumbi ambapo tunalipa shilingi thelathini kutazama mpira wa Uingereza. Kila Jumamosi kesi ni ile ile. Timu ya wenye visima vya mafuta imeshinda tena, na wanaume ambao hawajawahi kumiliki hata kisima cha maji wanasema kwa uchungu kwamba kombe limenunuliwa. Ati huo si mpira, ni mnada. Mimi hukaa benchi la nyuma na hunyamaza. Nimewahi kununua mchezaji, nimewahi kuuza mchezaji, na alikuwa mchezaji huyo huyo.

Nauza viatu vya mtumba. Klabu yetu ya mtaa wa Tuwan haikuwa na mwenyewe, ilikuwa na mahindi. Baada ya mavuno, kila nyumba iliyopenda mpira ilitoa gorogoro moja au mbili, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia nafaka, na yote yakaingia stoo moja. Ufunguo nilipewa mimi kwa sababu, walivyosema, huyu huhesabu kila kitu mara mbili. Tuliyaweka mpaka Mei au Juni, wakati ambapo hata mkulima aliyeyauza Desemba huyatafuta tena kwa bei ya machozi, ndipo tukauza. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli, jezi na ugali wa wachezaji mwaka mzima. Tulijisifu sana kwamba timu yetu ni ya wananchi, haina tajiri.

Mle stooni nilikuwa na gorogoro mbili. Ya kupokelea ilikuwa nzima. Ya kutolea ilikuwa imegongwa kitako kwa nyundo kikaingia ndani, kidogo tu, kama nyingi za kuuzia katika soko lile. Sikujiona mwizi. Sokoni kwetu, anayekuuzia kwa mkebe mzima unamuuliza kama anaumwa.

Winga tulimwona mara ya kwanza Bokoli, upande wa Webuye, tulipoenda mechi ya kirafiki tukafungwa mbili bila. Mabao yote mawili yalikuwa yake, jamaa mwembamba wa miaka ishirini na moja, anakimbia pembeni kushoto na kiatu kilichoshonwa kwa waya. Timu ya Bokoli haikuwa hata na hayo mahindi. Jumamosi asubuhi wachezaji walichimba mitaro ya watu ndio wapate sabuni ya kufua jezi, halafu mchana wakacheza. Nilirudi huko Jumanne, peke yangu, kununua.

Mama yake, mjane, alitaka magunia matatu, kwa sababu winga ndiye aliyekuwa jembe la nyumba ile. Nikaanza na moja. Tulivutana jikoni kwake mpaka chai ikapoa, tukapatana mawili na jozi ya njumu kutoka kibandani kwangu. Nilipotoka nilimkuta kocha wao, fundi wa kuchomelea vyuma, amesimama njiani na baiskeli yake. Akaniuliza nimewaachia nini. Nikamwambia mpira ni soko, mwenye mahindi ndiye hula ugali. Hakubishana.

"Sawa, bana," akasema. "Lakini siku yako ikifika, usilie kwa sauti."

Yale magunia niliyapima mwenyewe stooni, gorogoro arobaini na tano kila moja. Nilihesabu, nikahesabu tena. Tisini.

Kwa misimu miwili hakuna aliyetuweza. Kiminini tuliwafunga kwetu, tukawafuata kwao tukawafunga tena. Bokoli tuliwatandika tano, manne yakiwa ya winga, mtoto wao wenyewe, na baada ya siku hiyo hawakuleta timu uwanjani tena. Nilisikia fundi aliuzia shule moja mipira miwili iliyobaki. Tulicheka tukirudi nyumbani. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba tulicheka.

Kisha Bungoma akatokea mtu mwenye malori ya miwa na kandarasi za barabara. Alitaka kiti cha siasa, akaona njia ya mkato ya kupendwa ni mpira. Akaokota timu iliyokuwa ikifa, akaipa basi, vitanda vya kambini na mshahara wa kila mwezi. Haikupita miezi mingi, gari lake likasimama mbele ya stoo yetu.

Nilikuwa nimejipanga. Ningeanza laki mbili kwa winga, nishuke polepole, nimalizie themanini elfu huku nikijifanya naumia. Nikataja laki mbili. Yeye hata hakushuka garini. Akauliza, "Na kipa je? Na wale wawili wa nyuma?" Nikataja bei ya kila mmoja, hakupunguza shilingi. Alituma pesa kwa simu, dirisha likapanda. Miaka yangu yote sokoni imenifunza kwamba mteja akikubali bei ya kwanza, aliyepunjwa ni wewe. Siku tatu nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, nikiwaza ningesema ngapi.

Winga mwenyewe hakuhitaji kubembelezwa. Nilipomwambia afikirie watu wa Tuwan waliomlisha, alinitazama kwa huruma.

"Mzee, huku nalipwa ugali, kule nalipwa mshahara. Na si wewe ndiye ulinifunza kwamba mguu wangu uko na bei?"

Tulikutana nao msimu huo huo, kwao Bungoma. Sita bila. Kipa wetu wa zamani alikuwa langoni mwao hana kazi, anakula njugu. Winga alitufunga matatu, na kila alipofunga aliinamisha kichwa akarudi katikati. Njia nzima ya kurudi Kitale watu wetu walipiga kelele kwamba hakuna haki, kwamba huyu mtu amenunua ligi, kwamba masikini ataenda wapi. Nililia nao, tena kwa sauti.

Mavuno yaliyofuata nilipita nyumba kwa nyumba na gunia langu. Mama mmoja aliyekuwa akitoa gorogoro tatu kila mwaka aliniambia hawezi kulisha ng'ombe atakayekamuliwa Bungoma. Nilirudi na gorogoro kumi na nne. Nilihesabu tena, ni nani ajuaye, labda zimezaana. Kumi na nne. Zile pesa za tajiri zilikuwa zimeshaliwa na wachezaji wa kubahatisha, na mwaka huo klabu ikafa bila hata kikao. Stoo yetu sasa ni ya kinyozi.

Timu ya tajiri ilichukua kombe. Mechi ya mwisho winga alikuwa na goti lililovimba, lakini jukwaani kulikuwa na wageni wa mgombea, kwa hivyo alidungwa sindano ya maumivu akaingizwa. Alicheza dakika hamsini, kisha kano ya goti ikakatika. Wiki tatu baadaye tajiri akashindwa uchaguzi. Basi liliegeshwa nyuma ya karakana ya malori, vitanda vya kambini vikauzwa, na simu yake ikawa haipatikani.

Winga alinipigia mimi. Nilimkuta Bungoma katika chumba cha kupanga, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, mshahara wa miezi minne hajauona. Hospitali ilikuwa imesema operesheni, laki tatu, na ifanywe upesi, la sivyo goti halitarudi. Hilo "upesi" ndilo lililonitoa jasho. Nilienda hadi lango la tajiri, mlinzi akaniambia kwa upole kwamba mkubwa hayuko kwa mambo ya mpira tena. Meneja wa timu alinionyesha mkataba. Ulizungumzia mchezaji mwenye afya. Nikasoma mara mbili. Ulisema hivyo kweli.

Tukafanya harambee. Watu wa Bungoma walioimba jina lake walitoa walichoweza, wachezaji wenzake nao hawakuwa wamelipwa. Zikapatikana elfu arobaini na tatu. Niliuza njumu zangu zote kwa bei ya jumla, nikaongeza elfu thelathini. Sabini na tatu. Tulizungusha karatasi ya mchango miezi mitano, na tulipomrudisha kwa daktari, alilibonyeza lile goti kidogo tu, akasema hata tukileta laki tatu sasa, atatembea lakini kukimbia tusahau. Pesa zililipa kodi ya chumba, dawa na magongo. Nikampeleka kwao Bokoli.

Mama yake alimtazama akishuka, hakulia. Alimpa kigoda mlangoni, mimi akanipa kiti cha wageni na chai. Nikaanza kumweleza ubaya wa tajiri yule, jinsi pesa zake zilivyoharibu mpira wa nchi hii, jinsi watu wadogo hatuna nguvu. Aliniacha nimalize.

"Baba," akasema, "yale mahindi yako niliyapima tena. Ulikuja ukasema tisini. Nilipata themanini na moja."

Nilijaribu kusema mahindi hukauka, hupungua. Nikaona sauti yangu yenyewe hainiamini.

"Sikukuita," akaendelea. "Huyu alikuwa amevaa vile viatu tayari, anaruka hapo nje. Ningemwambia nini, avivue?"

Winga alicheka kule mlangoni, kicheko kikavu. "Nipime na mimi, mama. Mimi pia nimerudi nikiwa pungufu."

Fundi, yule kocha wao, hakuwepo kusikia. Niliambiwa alihamia Webuye. Nilikunywa chai ile mpaka majani ya chini.

Jumanne iliyofuata nilirudi Bokoli na gorogoro tisa. Nilizipima kwa mkebe mzima, kila moja na kilima juu. Mama alitandika gunia uani, akaleta mkebe wake, akapima moja moja, akisawazisha kwa kiganja. Winga alihesabu kwa sauti kutoka kigodani, mguu umenyooka mbele yake kama wa mtu mwingine. Alipofika tisa yalibaki mahindi kama nusu mkebe. Nikasema abaki nayo, ni ya kuongezea.

"Hapana," mama akasema. "Hayo si yangu."

Akayamimina kwenye mfuko wangu wa viatu, akaufunga kwa kamba, akanikabidhi. Nikatembea nao hadi barabarani. Ulikuwa mwepesi, lakini nilibadilisha mkono mara mbili.