Amri Niliyoipeleka kwa Mzee

Ilikuwa miaka ya wale mamluki wa kizungu, walipotembea mjini kama wenye nchi. Tuliletewa kutoka Moroni, kwenye makao ya serikali, mkuu mpya wa ofisi ya upakiaji na upakuaji bandarini Mutsamudu, kisiwani kwetu, naye alikuwa mwanamke. Sisi wanaume wa huku tunaoa na kuhamia nyumba ya mke, tunakula na kulala chini ya paa lake bila kuona haya. Lakini kupokea amri ya mwanamke ofisini kulituchoma roho.

Hatukubishana naye, tulikuwa na adabu zetu. Kila karatasi aliyoitia saini tuliipeleka kwanza kwa mtunza ghala, mzee aliyekwisha kufanya harusi kubwa, ile inayompa mwanamume haki ya kusema mbele ya wenzake. Mzee akikubali, kazi inafanyika. Mkuu aliyajua hayo, akaendelea kutia saini. Karani wa kuzibeba karatasi nilikuwa mimi, na nilijiona mjanja sana.

Asubuhi moja alinipa barua ya mistari miwili: tishari la pili, mojawapo ya yale mashua bapa ya kupeleka mizigo melini, linavuja, lisitoke. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa kuli kwenye tishari hilo. Gati lilikuwa pale pale, chini ya dirisha letu. Nikaenda kwa mzee. Hakuwapo, alikuwa mazikoni, nami nikakaa kumsubiri, barua mfukoni. Tishari likatoka, likazama na magunia ya karafuu na mdogo wangu.

Wizara ikatuita Moroni. Nilimkuta mkuu kwenye benchi nje ya mlango, mzungu mwenye bunduki amesimama karibu yake. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Pole kwa msiba, ndugu yangu. Wewe waambie tu ni saa ngapi nilikupa barua."

Niliingia nikasema alinipa barua tishari likiwa limeshatoka. Hawakuniuliza mara ya pili. Akafukuzwa kazi. Kule Mutsamudu mzee akatangaza barazani kwamba mwanamke hajui mambo ya bahari, na wanaume wote wakamuunga mkono, nami nikiwamo.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila akimaliza kusali alimlaani mwanamke aliyemuulia mwanawe. Niliumia, wallahi, lakini niliogopa kwamba nikimwambia kweli nitampoteza na yeye. Siku ya kufa kwake aliirudia laana ile kwa pumzi iliyobaki. Nilikuwa nimemshika mkono, nikaitikia amina.