Mstari Mweupe Juu ya Nati

Mkaguzi wa gesi alichuchumaa shimoni, akavua glavu, akaanza kama ilivyo ada yake: kuinyooshea kidole kila nati ya kiungo cha bomba na kuiitia kwa sauti ya kuvuka mto. "Ya kwanza, sawa! Ya pili, sawa!" Pembeni alisimama fundi Kuramochi, aliyezikaza nati hizo. Kwenye ya tano kidole kiliganda.

"Fundi, mstari huu mweupe wa kuonyesha nati imeshakazwa, uliuchora kabla au baada ya kukaza?"

"Baada, mzee. Tufungulie gesi basi, mtaa mzima haujapika wali tangu asubuhi!"

Mkaguzi akaibana nati kwa spana, akasukuma. Nati ikazunguka kirahisi kama kifuniko cha chupa, mstari ukakatika vipande viwili, kimoja kwenye nati, kingine kwenye bomba. Hakufoka. Alirudisha kidole kwenye nati ya kwanza.

"Haya, sasa ita wewe."

Kuramochi akafungua mdomo. Akaufunga, akanyoosha mkono kuomba spana.