Kanda Moja Isiyo na Jina

Elihuruma alikuwa mtu wa nukta. Kule Eagan, Minnesota, katika ofisi iliyochapa vitabu vya sheria, alilipwa kutafuta mikato iliyopotea na mabano yaliyofunguliwa yakasahauliwa wazi, na kazi hiyo aliifanya tangu amalize chuo. Mtu wa namna hii haiachi kazi ofisini. Akisoma tangazo la kanisa, kalamu inamwasha mkononi. Akipokea kadi ya Krismasi, anashukuru kwanza, halafu anasahihisha. Mkewe, Ikupa, alishamzoea, ingawa kuzoea kwenyewe kulikuwa kwa kelele.

Nyumba yao ilikuwa Richfield, mahali ambapo ndege hupita juu ya paa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Katika kabati jingine, la sebuleni, zilijaa kanda za video, na nyingi hazikuwa zao. Kanda zilizorekodiwa Tanzania hazikubali deki za Marekani. Ukitia unaona chenga tupu. Elihuruma alikuwa na deki iliyosoma za huku na za kule, na kwa ajili hiyo kila Mtanzania aliyetumiwa kanda ya harusi au kipaimara alikuja kwake. Walikula pilau ya Ikupa, wakaangalia, wakacheka, wakalia kidogo, kisha wakaiacha kanda hapohapo. Kwao wangeichezea wapi?

Mwaka 2006 deki ikaanza kuugua. Ilikoroma, ikasita, na siku moja ikatafuna ubatizo wa watu. Elihuruma akaona hapa asipohamishia kila kitu kwenye DVD mapema, shughuli za nusu ya Watanzania wa Minnesota zitaliwa. Basi kila Jumamosi akawa anacheza kanda moja baada ya nyingine, na kila iliyokwisha aliiandikia jina kwenye kompyuta.

Hapo ndipo ile tabia yake ilipopata malisho. Jina la kanda lilikuwa na sheria. Kwanza aina ya shughuli, kisha nukta pacha, kisha jina la mwenye shughuli, mkato, mahali, mkato, mwaka, nukta. Baada ya hapo, ndani ya mabano, ndugu wa karibu waliohudhuria, na nukta ya kufungia. Alama ya mshangao ilikuwa marufuku.

Laurencia, rafiki wa Ikupa anayekaa mji jirani wa Crystal, aliwahi kuleta kanda ya harusi ya mdogo wake. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, HARUSI YA KUKATA NA SHOKA!!! Alipoikuta orodhani imekuwa "Harusi: Brigitha na Alfred, Arusha, 1999." alishika kiuno.

"Shemeji, na furaha yangu umeipeleka wapi?"

"Imo ndani ya kanda," Elihuruma akamjibu. "Jina si mahali pa vigelegele."

Hata binti yake, Tulia, aliyesikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza chote, alipita nyuma ya kiti akamwambia, "Baba, nobody cares about the comma." Elihuruma akamwambia yeye anajali, na mtu mmoja anatosha.

Sheria ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Hakuna kanda itakayopewa jina kabla ya kuangaliwa mpaka mwisho. Hii aliitunga baada ya kanda ya Maurice, Mtanzania mwenzao, iliyobandikwa kwamba ni ubatizo wa mwanawe. Mchungaji alipoinua tu mkono wenye maji, ikaingia mechi ya mpira, ikachezwa hadi filimbi ya mwisho. Mtu nyumbani alikuwa amerekodi juu yake. Tangu hapo Elihuruma hakuamini maandishi ya mtu, aliamini macho yake.

Oktoba ilipofika, kabati lilikuwa limebaki na kanda moja. Ilikaa rafu ya chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, imeandikwa "Kwa Huruma", jina analoitwa Elihuruma na ndugu zake, kwa mkono wa Eliakim, kaka yake. Ilikuwa kanda ya mazishi ya mama yao.

Mama alifariki Machame, Septemba ya mwaka 2001. Elihuruma alinunua tiketi siku ileile, akafunga sanduku, na kabla hajatoka ndege zote za Marekani zikazuiwa kuruka kwa ajili ya mashambulizi ya kigaidi. Alikaa juu ya sanduku lake sebuleni. Richfield nzima ilikuwa kimya, vikombe havigongani, na mara kwa mara alitoka uani kutazama mbingu ambayo haikuwa na kitu. Kule nyumbani walimngoja. Wakaahirisha, wakaahirisha tena, watu waliotoka mbali wakalala msibani wakachoka, na hatimaye Eliakim akapiga simu. "Mdogo wangu, tunamzika kesho. Nisamehe." Elihuruma alimwambia hakuna cha kusamehe, akakata simu, akafungua sanduku na kurudisha mashati kabatini.

Kanda ilipofika, aliipokea, akaipeleka rafu ya chini. Hakuwa anaogopa kuona jeneza. Aliogopa kuona watoto wa marehemu wamesimama mstari mmoja na mahali pake hayupo mtu. Mama huyu alikuwa akipigiwa simu, hata aambiwe Elihuruma amepandishwa cheo, anauliza kwanza, "Umekula?" na akiambiwa ndiyo, anauliza, "Umekula nini?" Miaka mitano ilikuwa imepita na hakuna aliyemuuliza hivyo. Alimtamani mama yake kama anavyotamaniwa mama na mtoto aliyeachwa kwa jirani, na mwanamume wa umri wake hana pa kulipeleka jambo kama hilo.

"Baba Tulia," Ikupa akasema, "deki inakufa."

"Najua."

"Ikifa na ile bado?"

"Ile nitaiandikia tu. Mazishi, nukta pacha, Mama, mkato, Machame. Kila kitu nakijua."

"Hujaiangalia. Sheria yako inasemaje?"

"Sheria ni yangu mwenyewe."

"Basi kama ni yako, ifuate. Laurencia wa watu umemfutia vigelegele vyake vyote kwa ajili ya sheria zako hizohizo."

 Jumapili hiyo, baada ya ibada, Elihuruma alitoa kanda kwenye bahasha, akaisukuma ndani ya deki, akaiwasha DVD irekodi, akakaa kwenye kochi bado amevaa tai. Ikupa akajifunga kitenge, akakaa pembeni yake.

Deki ilikoroma, picha ikacheza, ikatulia. Kwanza ilionyesha ua wa nyumbani, migomba, viti vya kukodi, wanawake wakimenya ndizi. Kisha ibada. Kisha jeneza likatoka, watu wakalifuata migombani, na mpiga picha akabaki nyuma ya umati. Kwa muda mrefu hakikuonekana kitu ila migongo ya makoti na kofia zilizoshikwa mkononi. Elihuruma akawaza, hata kwenye kanda nitabaki nje.

Ndipo sauti ya shangazi Ndeshi ikapasua wimbo wa kwaya.

"Mpisheni Huruma! Nyie watu, mpisheni Huruma apite, amzike mama yake!"

Watu wakageuka. Walitazama njia ya kutokea barabarani, wakimtafuta mtu aliyefika. Picha ikayumba, shangazi alikuwa amemshika mpiga picha begani na kumsukuma mbele.

"Huyu hapa! Leo huyu ndiye Huruma. Mpisheni!"

Na watu wakapisha. Wazee waliokuwa hawajamwona tangu aende chuo walisogea upande huu na upande huu, mmoja akatikisa kichwa kumsalimia kama anavyosalimiwa mfiwa, na picha ikapita katikati yao polepole hadi ukingoni mwa kaburi, ikasimama kwenye mstari wa watoto, karibu na Eliakim, mahali palepale pa mtoto wa pili.

Mchungaji akawaita watoto waweke udongo. Eliakim akaweka. Kisha akainama tena, akachota mwingine, akageuka na kutazama moja kwa moja ndani ya kamera. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mdogo wangu, zamu yako."

Mkono wa mpiga picha, mwembamba, wenye saa ya plastiki, ukatokea chini ya picha, ukapokea ule udongo, ukanyooka juu ya kaburi, ukafunguka. Sauti ya udongo kwenye mbao ilisikika sebuleni Richfield.

Elihuruma akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani, na Ikupa akamshika mgongo akalia naye, huku ndege ikipita juu ya paa na vikombe vikigongana. Kanda ikaenda mpaka mwisho. Deki haikutafuna hata kipande.

Alipotulia, alinawa uso, akakaa kwenye kompyuta. Ikupa akasimama nyuma yake. Akaandika: "Mazishi: Mama Eliakim, Machame, 2001." Akafungua mabano. Eliakim, mkato, Shangazi Ndeshi. Akafunga mabano, akatia nukta, akainua mikono.

"Hujamaliza," Ikupa akasema. "Umesema ndugu wa karibu waliohudhuria."

Elihuruma akarudisha mikono kwenye kompyuta. Kisha akafuta nukta, akayafungua mabano, akaweka mkato, akaandika jina lake mwenyewe.