Mama Waya na Ukumbi wa Chuo cha Wakunga

Katika chuo cha wakunga kulikuwa na ukumbi, na kwenye makaratasi ukumbi huo ulikuwa wa mkuu wa chuo. Lakini ukitaka picha ionekane ukutani, mwenye ukumbi alikuwa Mama Waya.

Aliajiriwa kufagia. Mwaka wake wa tatu mtu wa projekta akastaafu, na siku ya mahafali picha ikagoma. Watu wakahangaika na rimoti mpaka jasho likawatoka. Yeye akaweka ufagio chini, akapanda juu ya meza, akachomoa waya wa njano, akaupuliza, akaurudisha. Picha ikaja. Tangu hapo hakufagia tena, na jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Kazi aliijua kwa rangi. Njano picha, nyekundu na nyeupe sauti. Waya wa kwenda kwenye spika aliufunga uzi wa bluu, wa projekta uzi wa kijani. Vijitabu vya maelezo vilivyokuja na mitambo alivitandika kwenye droo. Shule aliiachia darasa la pili, akatoka anajua kuandika jina lake, basi. Chuoni hakuna aliyelijua hilo. Akiletewa barua husema miwani ameiacha nyumbani, na miwani hakuwa nayo nyumbani wala kwingine.

Sasa akaja mwalimu mpya wa dawa na kompyuta nyembamba kama sinia, ina tundu moja bapa la kutolea picha, la HDMI. Projekta ilikuwa ya zamani, tundu la namna hiyo haina. Mkuu akamwita Mama Waya ofisini.

"Alhamisi wakunga arobaini wanakuja kufundishwa vipimo vipya vya dawa. Picha isipotoka, naiteremsha hiyo projekta, naleta televisheni kubwa. Na kampuni inayoiuza inakuja na mtu wake wa kuiendesha."

"Na mimi?"

"Wewe hutakosa kazi. Kule kwenye usafi hawatoshi."

Mama Waya akaaga, akatoka. Miaka kumi na sita watu walikuwa wanamsubiri yeye ndipo waanze. Kuinama tena chini ya viti vyao hakukumuingia akilini.

Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake wa kiume, mwenye duka la vifaa vya umeme.

"Nipe kile kisanduku cha kugeuza picha. Huku tundu bapa, huku njano, nyekundu na nyeupe."

"Dada, viko vya aina mbili. Picha inatoka wapi, inakwenda wapi?"

"Inatoka kwenye mashine inakwenda ukutani. Ulitaka iende kuoga?"

"Nauliza hivi, inatoka kwenye kipya kwenda cha zamani, au..."

"Mimi nilikubeba mgongoni hujaota hata jino. Nipe hicho."

Akampa hicho.

Jumanne akaunganisha. Kila waya uliingia kwenye tundu lake bila ubishi, ukuta ukabaki bluu. Akapuliza, akabadilisha waya, akaipiga projekta kofi. Bluu. Jumatano asubuhi na mapema alikuwa dukani.

"Kibovu hiki."

Mdogo wake akakigeuzageuza. "Kizima. Hiki kinachukua picha ya deki ya zamani kinaipeleka kwenye televisheni mpya. Wewe unataka kinyume chake. Matundu yanafanana, lakini picha hairudi nyuma. Si imeandikwa hapa ju..."

Akayafunika maandishi kwa kidole gumba. Katika mji mzima yeye peke yake ndiye aliyejua siri ya dada yake. Akachukua kisanduku kingine, akakichora mshale kwa wino mweupe.

"Huku kompyuta, huku projekta. Na huu waya mdogo ni wa umeme wake, usipochomekwa kimelala."

"Ningeujua tu."

"Ungeujua Ijumaa."

Mchana ule picha ikaja, lakini nyeusi na nyeupe. Mama Waya akasogeza kitufe kidogo ubavuni mwa kisanduku, rangi zikaingia. Mwalimu akaweka video ya mtoto mchanga, mashavu mekundu, sauti ya kilio imejaa ukumbi. Kisha akapitisha kurasa za maandishi, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Huko nyuma panasomeka, mama?"

Mama Waya alisimama mstari wa mwisho, mikono kiunoni. Aliona alama nyeusi kwenye ukuta mweupe, kama alivyoziona miaka yote.

"Panasomeka vizuri sana."

Alhamisi ukumbi ukajaa. Nusu saa ya kwanza mambo yalikwenda, hata mkuu akamtikisia Mama Waya kichwa cha kuridhika kwa mbali. Halafu likaja jedwali la vipimo. Mkunga mmoja wa nyuma akauliza, "Hapo ni tatu au nane?"

"Tatu," akasema jirani yake.

"Nane, shoga, kapime macho!"

"Jamani, mbona mimi nimeandika tano?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikwenda mpaka nyuma, akakaza macho. Kile kisanduku kilibana picha kubwa ili ipite kwenye waya mmoja wa njano. Sura ya mtoto ilistahimili, tarakimu ndogo zikavurugika. Akauliza kurasa zilizopita waliandika nini, na kila mtu alikuwa na lake.

"Si mlijaribu jana?" mkuu akamuuliza mwalimu.

"Tulijaribu. Mama alisimama hapahapa, akasema panasomeka."

Mkuu akamgeukia. "Mama Waya, imeharibika leo?"

Jibu alikuwa amepewa mkononi. Angesema ndiyo, umeme wa asubuhi ulicheza, na nani angebisha? Mbele yake mkunga mmoja alikuwa anafuta nane, anaandika tatu, anafuta tena.

"Haijaharibika. Jana ilikuwa hivihivi. Mimi sijui kusoma. Herufi ziwe safi, ziwe zimevurugika, kwangu ni sawa."

Mwalimu akarudi mbele, akakuza maandishi, mistari minne kila ukurasa, wakaanza upya tangu jedwali la kwanza, kila kipimo kikitajwa kwa sauti na ukumbi mzima ukikirudia. Walimaliza saa kumi.

Watu walipotoka, mkuu alibaki.

"Televisheni nitaleta," alisema. "Mtu wa kampuni ataifunga aende zake. Ukumbi unabaki wako. Ungenidanganya leo, ningegundua lini? Lakini kuanzia sasa karani wangu atakaa mstari wa nyuma asome, ndipo useme tayari."

Mama Waya alifikiri, huku anakunja waya kwenye kiganja.

"Asome," alisema. "Waya asiguse."