Kipimo cha Fundi Bomba

Hospitalini walimwita Fundi Bomba, na yeye hakujali. Daktari aliyechagua kushughulika na kibofu na njia ya mkojo hawezi kuwa mwepesi wa kununa. Aliyeanza kumtania ni kaka yake, fundi cherehani aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. "Wenzake wanasomea moyo, wanasomea ubongo," aliwaambia wateja huku akikata kitambaa, "mdogo wangu kaenda kusomea mikojo." Aliyasema hayo kwa kila aliyeingia dukani, apende asipende, kwa jinsi alivyokuwa akijivunia.

Daktari aliichukia hasa saratani ya kibofu. Wanaume walimjia wakiwa wamechelewa, kwa sababu kuichunguza kulihitaji kamera nyembamba ipitishwe kwenye njia ya mkojo, na sifa mbaya za kamera hiyo zilikuwa zimeenea kila mahali. Mwalimu mmoja alikaa mwaka mzima akikojoa damu na kujidanganya kuwa ni uchovu. Alipofika, hapakuwa na la kumfanyia. Daktari alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kumwona mgonjwa aliyefuata. Tangu siku hiyo akaanza kutafuta kipimo ambacho kingehitaji kopo la mkojo tu.

Kazi hiyo ilimla ujana wake, na hapa sitii chumvi. Asubuhi alipasua wagonjwa, mchana alihamia maabara, chumba chenye friji zinazonguruma na dirisha lisilofunguka. Wenzake walifungua zahanati zao wakanawiri. Yeye alizidi kukonda na kuomba radhi kwa harusi alizozikosa. Kipimo cha kwanza kiligoma, cha pili kikadanganya. Akaanza upya bila kunung'unika, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Jaribio la mwisho lilihitaji makopo ya wagonjwa na ya watu wenye afya. Kila kopo lilikuwa na namba tu, na ni mtakwimu wa utafiti huo peke yake aliyejua namba ipi ni ya nani. Wagonjwa walikuwapo. Wenye afya ndio walioadimika, maana nani atoke kwake kupeleka mkojo? Daktari akawakusanya mashemeji, binamu na kaka yake.

"Nilijua tu itafika siku utuombe na mkojo," kaka alisema, akapokea kopo.

Majibu yalipotoka, makopo ya wagonjwa yalionyesha ugonjwa, na ya wenye afya yalikuwa safi isipokuwa moja. Kama kipimo kilikuwa kimemsingizia mtu mwenye afya, basi walikuwa wamerudi mwanzo kabisa. Utaratibu ulitaka mtu huyo aitwe, apimwe kwa kamera. Mtakwimu akaenda kutafuta jina. Aliporudi, alivuta kiti akaketi kwanza.

"Daktari, ni kaka yako."

Sasa aombe nini? Kipimo kikiwa sahihi, kaka anaumwa. Kaka akiwa mzima, jasho la miaka yote limekwenda bure. Daktari hakusita hata kidogo. Aliomba awe ameshindwa.

Kumpata kaka nako kulikuwa kazi. "Siumwi popote," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani, "na nguo za watu zinanisubiri."

"Kaka, nakuomba."

Mdogo wake hakuwa na desturi ya kuomba. Kaka alimtazama usoni, akazima cherehani, akachukua shati lake.

Kamera ilishikwa na daktari mwingine. Fundi Bomba alisimama upande wa kichwa cha kaka yake, amemshika bega, macho kwenye skrini. Kikatokea: kiuvimbe kidogo, hakizidi punje ya mtama.

"Kimewahiwa," mwenzake alisema. "Hiki tunakitoa, na naamini atapona. Hongera, kipimo chako kimeona kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote."

Akampa mkono. Daktari hakuweza kuupokea. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

"Unalia nini," kaka akauliza, "na aliyevuliwa suruali ni mimi?"

"Nilikuwa naomba kipimo kiwe kibovu, kaka. Siku zote hizi nimeomba hivyo."

Kaka alitazama dari.

"Nashukuru hukusikilizwa," akasema. "Ningekufa huku nikiwatambia watu kwamba mdogo wangu ni daktari."