Hadithi za Mama Mukubwa Zilivyoshuka kutoka Fizi

Mama yangu alikuja studio asubuhi, amejifunga kikwembe kipya, akakaa kwenye kiti changu. Nilikuwa fundi wa redio ndogo ya mji wa Baraka. Dada yangu, binti wa mama mukubwa, alifanya kazi katika ofisi yetu ya Fizi, mlimani. Alikuwa amemrekodi mama yake akisimulia kwa Kibembe hadithi za bibi yetu, ambazo mama yangu alikuwa amezisahau nusu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, kwa hiyo hadithi zingeshuka kwa antena zilizounganisha ofisi zetu mbili, zitangazwe mchana uleule.

Hazikushuka. Dada akanipigia simu, akaniita yaya kama kawaida, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

“Yaya, ordinateri yako inapokea jina langu na nenosiri. Nikituma faili, inanyamaza tu.”

Mwalimu wetu kule Uvira alitufundisha kuutazama mtandao kama tabaka. Chini kabisa kuna waya na mawimbi. Juu yake kuna anwani zinazoelekeza data kwenye mashine inayotakiwa, kisha kazi ya kuhakikisha vipande vyote vimefika kwa mpangilio. Juu kabisa zinakaa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, kama FTP, zinazojua faili ni nini. “Mukitafuta kosa,” alituambia, “muanzie chini.”

Nikaanzia chini. Antena zilikuwa zinaonana. Mashine ya Fizi ilijibu nilipoiita. Na kama vipande visingefika salama, dada asingeweza hata kuingia. Kosa lilikuwa juu, kwenye FTP yenyewe.

Nikakumbuka kwamba FTP hutumia njia mbili, moja ya maagizo, nyingine ya mafaili. Ile ya maagizo dada aliifungua mwenyewe. Ya pili ilitakiwa kufunguliwa na mashine yangu kuelekea Fizi, na ulinzi wa mtandao wa kule uliitikia salamu tu, lakini ulizuia kila anayetaka kufungua njia kutoka nje.

“Dada, tafuta mahali wameandika mode passif. Ukibonyeza hapo, we mwenyewe utafungua njia zote mbili.”

“Nimeona. Ngoja.” Kisha akapiga kelele ya furaha. “Inaenda, yaya!”

Nilifurahi kama mtoto. Nikamvalisha mama visikilizio. Aliposikia sauti ya dada yake akatabasamu, akafumba macho, halafu ghafla akayafumbua.

“Anadanganya! Aliyeiba mihogo hakuwa sungura. Ni kobe!”

Akampigia mama mukubwa papo hapo, wakabishana kwa Kibembe huku wakicheka mpaka wakakosa pumzi. Mtangazaji wetu alikuwa mlangoni anasikiliza.

“Mama,” akamwambia, “leo tutatangaza ya mukubwa wako. Kesho utatuambia ya kwako?”

“Ya kesho ndiyo ya kweli,” mama akajibu.

Kesho yake alisimulia bila kusita, hata zile sehemu alizodhani zimempotea. Nami nikaituma sauti yake Fizi, ambako mama mukubwa alikuwa ameshaketi anangoja, tayari kubisha.